Bunduki Katika Wakati wa Hofu

Aghalabu tukizungumza juu ya bei ya vitu, twazungumza juu ya unga, sukari na nguo, kwani hivyo ndivyo viitaabishavyo nyumba kila siku. Leo twataka kuzungumza juu ya bidhaa ambayo watu wema hawapendi kuitaja sebuleni, nayo ni bunduki. Hatuizungumzi kama askari wala kama wawindaji. Twaizungumza kama watoto wa nyumba moja ya Tingi, tuliokulia kando ya kiwanda cha mhunzi, tukaiona bidhaa hii ikitafutwa kwa pupa, kisha ikaachwa kama kitu kisicho na thamani, kisha ikatafutwa tena.

Tingi ni nchi ya milima, baina ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Mbinga, na tangu ilipoundwa wilaya ya Nyasa mwaka 2012 imo katika wilaya hiyo, ambayo makao yake yako Mbamba Bay. Upande wa kusini mpaka wa Msumbiji si mbali. Waislamu wa huko si wengi. Ukoo wetu ulitoka upande wa Tunduru, na majirani zetu walio wengi ni Wakristo, ambao tumekaa nao kwa wema, tukazikana na kuozana mashahidi.

Marehemu Baba Mdogo alikuwa mhunzi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa majembe, mashoka na miundu. Walakini watu walimletea pia magobori yao awatengenezee. Wakati ule hatukujua, na yeye twadhani hakuuliza, kama kazi ile ilitaka kibali.

Mahitaji ya magobori yalikuwa na majira yake kama mvua. Mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe mwitu na nyani walishuka mashambani, na hapo watu wakaja kila asubuhi: huyu kasiba imeingia kutu, huyu mtambo haupigi, huyu kitako kimepasuka. Mwenye gobori kijijini alikuwa mtu mkubwa kwa miezi mitatu. Aliitwa shamba hili na shamba lile, akalipwa debe la mahindi au kuku. Sisi haja yetu ilikuwa mahindi tu, na nyama ya nguruwe ilikwenda kwa majirani walioila, wala hapakuwa na ugomvi katika jambo hilo. Mavuno yakiisha, hakuonekana hata mtu mmoja. Magobori yalirudi darini kwenye moshi, na mtu mwenye shida aliweza kuliweka lake rehani kwa mbuzi mmoja, na mwenye mbuzi akanung'unika kwamba amepunjwa.

Hayo ndiyo mahitaji ya shamba, nayo yajua mwisho wake. Yako na mahitaji ya namna nyingine, ambayo hayafuati mvua bali hufuata hofu, na hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Babu alikuwa akitusimulia mambo aliyoyasikia kwa wazee wake, na tulipokua tukayakuta mengi yake vitabuni. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walipoingia nchi hizi kwa mikuki na ngao, Wamatengo walikimbilia milimani. Wazee husema kwamba kule kubanana kwenye miteremko ndiko kulikowafundisha kulima kwa mashimo yale yaitwayo ngoro, ambayo mpaka leo wageni huja kuyatazama. Hao hawakuwa na bunduki, wakajihifadhi kwa mlima na jembe. Wayao, kwa upande wao, walikuwa wakipeleka pembe na watumwa Kilwa, wakarudi na nguo, baruti na bunduki. Katika mji wa Mataka, Mwembe, mtu aliyekuwa na bunduki nyingi alikamata watu wengi, na aliyekamata watu wengi alinunua bunduki nyingi zaidi. Twalisema hili bila kujificha, ijapokuwa ni habari ya wazee wetu wenyewe, na wengi wao walikuwa wakisali kama sisi.

Basi kila kijiji kilichosikia kwamba jirani yake amepata bunduki hamsini, nacho kilitaka hamsini. Na bidhaa ilikuwapo tele. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha, yakiacha bunduki za kushindilia kwa mbele na kuchukua zile za kutilia risasi kwa nyuma. Kila yalipobadili, zile kuukuu zilitafutiwa soko, na soko likawa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, aliandika kwamba silaha zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000, na kwamba yale magumegume hafifu ya zamani yalikuwa yakiondolewa na bunduki zenye shabaha. Mwaka huo huo vikazuka vita vya Abushiri na Wajerumani, na manowari za Wajerumani na Waingereza zikaifunga pwani ili silaha zisipite. Mwaka 1890 mataifa yakakubaliana huko Brussels kuzuia bunduki zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume la kasiba laini halikuzuiwa kabisa, likaachiliwa kwa masharti, maana hao wakubwa hawakuliogopa.

Nini matokeo yake, ndugu zetu? Miaka 15 baadaye, katika vita vya Majimaji, wapiganaji walikwenda kwa mikuki na magobori machache mbele ya bombom za Wajerumani. Mtu asiyeweza kununua bunduki alinunua dawa ya maji aliyoambiwa itazigeuza risasi kuwa maji. Hayo pia yalikuwa mahitaji ya hofu. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Kingoni 67 walinyongwa Songea kwa siku moja, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa huko.

Sasa turudi Tingi. Mwaka 1987 sisi tulikuwa vijana wa shule. Vita vya Msumbiji, baina ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, vilikuwa vikali. Wakimbizi walikuwa wakivuka Ruvuma na vifurushi vichwani, na Tanzania ilikuwa imepeleka askari wake kuisaidia serikali ya Msumbiji. Kwetu habari zilikuja kwa midomo, na kila mdomo uliziongeza. Leo wameonekana msituni, kesho wamechoma kijiji, kesho kutwa wanakuja huku. Wengi wetu hatukuona mwasi hata mmoja. Lakini kiwanda cha Baba Mdogo kilijaa watu, na mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa.

Nyumbani yalikuwapo magobori matatu, moja la Babu, ambalo alikuwa na kibali chake, na mawili ambayo wenyewe waliyaacha kwa deni. Gobori lililokuwa la mbuzi mmoja likatakiwa kwa mbuzi wawili, kisha kwa ng'ombe, kisha kwa ng'ombe na fedha juu yake. Na sisi tulikuwa na shida. Kaka yetu alikuwa amepata nafasi katika shule ya sekondari ya kulipia, na karo haikuwapo. Tulihesabu wenyewe usiku, gobori moja lilitosha mwaka wa kwanza, na mawili yangemfikisha mbali.

Jioni moja akaja mtu tuliyemjua vizuri, wa kijiji cha pili, Mwislamu mwenzetu. Akamwamkia Baba Mdogo, akaketi, akasema, "Mzee, nasikia unayo matatu. Taja bei, mimi sitakukatalia."

Baba Mdogo akamwuliza, "Mwanangu, wataka kupiga nini? Shamba ni tupu."

Yule mtu akanyamaza kidogo, akajibu, "Sitaki kupiga kitu. Nataka liwemo ndani tu."

Baba Mdogo akamwomba siku tatu, kisha akaenda kwa maalim wetu. Maalim hakuwa na elimu kubwa, lakini alisoma Unguja siku zake za ujana, akamweleza jambo ambalo tangu siku ile hatukulisahau. Alimwambia kwamba wanazuoni wa fiqhi wamechukia, na wengine wameharamisha kabisa, kuuza silaha wakati wa fitina, na kwamba sahaba Imran bin Husayn, Mungu amuwie radhi, alikuwa akichukia jambo hilo. Baba Mdogo akauliza, "Na kama mnunuzi ni mtu mwema?" Maalim akasema kwamba wakati wa fitina mtu mwema naye huogopa, wala hajui mwenyewe atafanya nini.

Hebu litazameni jambo hili. Sheria ilimfunga muuzaji mkono saa ile ile ambayo bei iko juu kabisa. Mwaka mzima yule mhunzi angeweza kuliuza gobori kwa mwenye shamba, wala hapana aliyelitaka. Siku lilipopata thamani ya ng'ombe, ndiyo siku aliyoambiwa asiuze.

Hakuuza. Kaka yetu hakwenda shule. Yeye leo analima kahawa na mahindi, na katika miaka yote hii hajapata kulitaja jambo hili hata siku moja, na kule kunyamaza kwake kulitusumbua kuliko malalamiko. Sisi wengine tulikasirika sana. Tulisema maneno mabaya juu ya Baba Mdogo, kwamba amemwonea huruma mtu wa mbali akamsahau mtoto wa nduguye.

Yule mtu alipata gobori kwingine. Hofu ikapita, kama zilivyopita hofu nyingine, na mwaka uliofuata hakuna aliyeulizia bei. Lakini gobori lilikuwa limekwisha ingia ndani. Lilikaa pembeni mwa chumba, limeshindiliwa baruti na vipande vya chuma, likingoja waasi ambao hawakuja. Mwaka 1991 mwanawe wa miaka saba alilichezea.

Tulipotoka maziarani mmoja wetu, ambaye kwa haya hatutamtaja, alimwambia Baba Mdogo, "Umeona? Kununua kwetu au kwingine ni sawasawa. Mtoto amekufa, na Kaka hakusoma." Baba Mdogo hakukasirika. Alisema, "Huenda ikawa hivyo. Lakini leo asubuhi mimi ndimi niliyemwosha." Wiki ile aliyavunja yale magobori mawili ya deni. Vitako akavitia motoni, na kasiba akazikata akazifanya bomba za kupitishia upepo wa mivukuto. La Babu akaliacha kwa ajili ya nguruwe.

Tumekuwa tukiyafuata mambo ya soko hili tangu hapo, na popote tulipotazama tumekuta habari ile ile. Uganda, mwaka 1979, askari wa Idi Amin walipoikimbia kambi ya Moroto, Wakaramoja waliingia ghalani wakachukua maelfu ya bunduki. Aliyekuwa na ng'ombe akawa hana budi kutafuta bunduki, kwa kuwa mwizi wake anayo. Imeandikwa kwamba huko Kolowa, Kenya, bunduki ya AK-47 ilinunuliwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986, na kufikia mwaka 2005 kwa ng'ombe wanne au watano tu. Si kwamba watu waliacha kuitaka. Zilikuwa zimezagaa mno.

Marekani, ambako bunduki huuzwa dukani kama vyombo vya nyumbani, serikali huchunguza wanunuzi, na hesabu ya uchunguzi huo yaonyesha namna hamu ya watu inavyokwenda. Mwaka 2016, mwaka wa uchaguzi, ambapo wengi walidhani itatungwa sheria kali, uchunguzi ulipita milioni 27. Mwaka 2017, hofu ya sheria ilipoondoka, ukashuka hadi kama milioni 25, na Machi 2018 kiwanda cha Remington, kilichoanzishwa mwaka 1816, kikaomba hifadhi ya mahakama kwa sababu ya madeni. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona na ghasia, hesabu ikakaribia milioni 40. Wenye viwanda huita mwaka wa amani mwaka mbaya. Lakini mauzo yaliposhuka mwaka 2017, zilizokwisha nunuliwa hazikurudi dukani. Zilibaki majumbani, kama lile la kijiji cha pili.

Ng'ambo ya Ruvuma ndiko tulikoona jitihada ya kuzitoa. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi Roma mwezi wa Oktoba 1992, silaha za vita zilikuwa zimefukiwa ardhini na kufichwa katika nyumba kote Msumbiji. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi ile lilianza kuzipokea kwa watu na kuwapa badala yake majembe, baiskeli na cherehani. Jambo hili lilianzishwa na Wakristo, nasi hatuoni haya kulisifu. Mtu aliyenunua bunduki kwa hofu haoni sababu ya kuitoa bure, lakini akiona cherehani aweza kufikiri.

Baba Mdogo alifariki mwaka 2009, Mungu amrehemu. Gobori la Babu lilibaki kwetu, kibali kikiwa bado katika jina la marehemu, nasi tukawa twaahirisha mwaka hadi mwaka. Mwaka 2022 serikali ilipotangaza msamaha kwa watakaosalimisha kwa hiari silaha wasizozimiliki kihalali, tulikaa kikao cha ukoo. Vijana walisema hili ni kumbukumbu. Mmoja alisema kuna mtu Mbinga atalitoa fedha. Kaka, ambaye katika vikao huwa hasemi, alisimama akalishusha darini mwenyewe, akalifunga kwa kanga kuukuu ya mkewe, akapanda pikipiki akalipeleka polisi. Alirudi magharibi, akasali, akaomba chai.

Nguruwe hawajakoma. Msimu uliopita walikula karibu robo ya shamba lake, na jirani mmoja akapita akiulizia nani bado anayo. Wajomba zetu wadogo hulala dunguni kwa zamu mahindi yanapobeba, wakipiga madebe hadi alfajiri.