Mkono na Usukani
Mwaka 1965 Joginder Singh, dereva aliyekuwa pia fundi wa magari, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, lilikuwa limekwisha kutumika mashindanoni. Umbo lake la mviringo halikutisha, ila lilistahimili matope na mawe. Mwaka 2022 magari ya Toyota GR Yaris yalitwaa nafasi nne za mwanzo nchini Kenya, injini ya lita 1.6 ikisaidiwa na mota ya umeme. Mpenzi wa magari huyaenzi yote mawili. Jipya humsisimua kwa nguvu. La kale humgusa moyo, maana mkono ulioshika usukani wake ndio ulioyajua maungo yake. Jahazi husifiwa lirejeapo, na nahodha pamoja nalo.