Nilimfuata mume Mafinga, nikarudi na meza

Ukimwona mwanamke wa Dar amevaa sweta mbili, soksi mbili na kitenge juu yake, na bado anatetemeka, ujue amefika Mafinga mwezi wa saba. Hivyo ndivyo nilivyoshuka kwenye basi jioni moja mwaka jana, upepo ukinichapa usoni na hasira zangu zote zikiwa mkobani.

Msomaji wangu, sikwenda kutalii. Nilimfuata mume.

Mwezi wa tano kazini kwao walipunguza watu, naye akawamo. Wiki tatu nzima akawa wa sebuleni, yeye na rimoti. Natoka asubuhi namwacha pale, narudi usiku namkuta palepale. Tukaacha hata kugombana, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani hiyo ndiyo amani. Kisha akasema anakwenda kwao wiki moja tu, kumsalimia mzee. Wiki ikawa sita. Simu zetu zikawa za dakika mbili: "Mtoto hajambo?" "Hajambo." Mashoga zangu nao hawakunyamaza: "Mwenzio huko keshapata wa kumchemshia maji ya kuoga!" Nikaomba likizo, mtoto nikamwacha kwa dada yangu, nikakata tiketi.

Njia ya Kitonga

Dar hadi Mafinga ni karibu kilomita 580. Mikumi unaona swala na twiga ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Baada ya hapo linakuja bonde la mibuyu, halafu mlima Kitonga, ambako basi linajikongoja nyuma ya malori na abiria wote wananyamaza kama wako msibani. Ukishafika juu, hewa ni nyingine. Ukipita Iringa mjini, mwendo wa kilomita 80 hivi, misindano inaanza kujipanga mistari kama wanafunzi wa paredi.

Hilo ndilo shamba la Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini. Sehemu kubwa ya miti ilipandwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980, na baba mkwe wangu ni mmoja wa vijana waliobeba miche hiyo. Ndiyo maana pale mjini kila kona ni mbao: zimeegeshwa kwenye kuta, zimepakiwa kwenye malori, na harufu yake inakufuata mpaka kitandani.

Nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba, kwenye karakana ya mzee: paa la bati, kuta za mabanzi, maranda yanafika kwenye vifundo vya miguu. Ameshika randa, anacheka na baba yake. Kwa kweli, ningemkuta na mwanamke ningejua la kufanya. Lakini kumkuta ana furaha, tena bila mimi, kuliniuma nisikokujua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Karibu. Shika huku, hii mbao ni nzito."

Basi. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Somo la mbao

Walikuwa wanatengeneza meza ya chakula. "Ya kwenu," mzee aliniambia, kana kwamba nilikuwa nimeiagiza. Kesho yake nikapewa msasa, na keshokutwa nikaruhusiwa kugusa patasi.

Nilijifunza mambo ambayo miaka yote ya kununua samani Keko sikuwahi kuyauliza. Mti wa msindano uliokatwa mchanga, mbao yake ni laini na hupinda upesi. Ukitazama kichwa cha ubao, miduara yake imeachana sana. Mti uliokomaa, miduara imebanana. Mbao mbichi haijengewi kitu. Inapangwa kivulini, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na unaisubiri miezi. Za mzee zilikuwa zimekaa chini ya bati tangu mwaka uliotangulia. Na miguu ya meza haipigiliwi misumari. Unachonga ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine, unapaka gundi, unabana, unaacha.

Siku ya nne tukaunganisha fremu jioni, tukaenda kulala tukijisifu. Asubuhi mume wangu akaushika mguu mmoja, ukatoka mkononi kama jino bovu. Gundi ilikuwa imebaki nyeupe, inapukutika kama chokaa. Hii gundi ya maji tunayotumia wengi haipatani na baridi kali, na usiku wa Mafinga mwezi wa saba si mchezo.

Mzee hakugomba. Akatuambia tukwangue yote, tuunganishe upya saa sita jua likiwa kali, na usiku fremu ilale jikoni. "Na nyinyi mlale nayo," akasema, akaenda zake.

Basi usiku ule tukakaa kwenye jiko la kuni la nje, mlango wazi, fremu imeegeshwa ukutani, tukichochea moto na kula viazi vya kuchoma. Saa ngapi sijui, mwenzangu akaniambia akiwa anautazama moto: "Sitaki kuajiriwa tena. Nataka kufanya hii."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote zile.

"Ningesemaje? Kodi unalipa wewe. Ada unalipa wewe. Nikuombe na ruhusa ya kuchonga meza?"

Nisiwadanganye, sikumkumbatia. Niliogopa. Nikahesabu kodi, ada, gesi, nauli, vyote kwa sauti, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano kuzungumza kwa zaidi ya dakika kumi. Tukapeana miezi sita: atengeneze, auze, kila mwisho wa mwezi tukae tuhesabu.

Asubuhi fremu ilikuwa imeshika.

Acha nafasi

Siku ya kufunga ubao wa juu nilitaka ubanwe kabisa, gundi kila mahali, skrubu zikazwe mpaka mwisho. Mzee akanizuia. Matundu ya skrubu aliyachonga marefu kidogo, yasiwe duara. "Dar kuna unyevu wa bahari, mama. Mbao itatanuka upande wa upana. Ukiinyima nafasi itapasuka yenyewe, au itapasua fremu."

Meza ilishuka Dar na lori la mbao. Miezi sita ilishapita. Mume wangu anaishi nusu huku nusu kule. Ndani ya miezi ile aliuza meza tatu, na moja hadi leo hajalipwa. Kodi bado nalipa mimi zaidi. Lakini mwisho wa mwezi tunakaa kwenye meza yetu na daftari, na akisema anapanda Mafinga wiki mbili, siendi kuwauliza mashoga.

Masika ya mwaka huu nilipitisha kidole chini ya ubao. Ulikuwa umesogea, kidogo tu. Fremu iko vilevile.

*Ukitaka kwenda:* mabasi ya Mbeya, Njombe na Songea yanayoanzia kituo cha Magufuli, Mbezi, hupitia Mafinga. Baridi ni kali zaidi mwezi wa sita hadi wa nane, hivyo beba sweta, soksi na mafuta ya mgando. Ukinunua mbao, tazama kichwa cha ubao kabla ya kuuliza bei. Na ukikutana na mtu njiani, mwambie "Kamwene." Utakaribishwa.