Kipimo Kabla ya Shutuma



Enyi ndugu na akina mama wasomaji, wiki hii tunaandika juu ya jambo la aibu lililotokea nyumbani kwetu Kisauni, kwa kutaraji kwamba nyumba nyengine italiepuka.

Tuna gari dogo lililotumika Japani kabla ya kutufikia. Dereva wake ni kijana wetu aliyemaliza kidato cha nne: asubuhi huwapeleka wadogo zake skuli, kisha humpeleka mama yake soko la Kongowea. Baada ya Ramadhani ya mwaka jana tuliona kwamba petroli ya shilingi 2,000, iliyokuwa ikitutosha wiki nzima, ikitiwa Jumamosi haivuki Alhamisi. Mwanzo tuliilaumu bei, ambayo EPRA huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi. Lakini ulikuja mwezi ambao bei haikupanda, na mafuta yakaisha vile vile.

Hapo shetani alitunong'oneza, nasi tukamsikiliza. Tulimwita kijana baada ya sala ya isha, wadogo zake wakisikia, tukamwuliza ni nani anayemuuzia mafuta yetu.

"Baba, wallahi sijachukua hata tone."

Hatukumsadiki. Aliuweka ufunguo juu ya meza, na tangu usiku ule akawa hali nasi sinia moja.

Mama yake ndiye aliyetuzindua. "Maalim," alisema, "wewe huwasomesha watu Surat al-Hujurat, nayo inakataza dhana mbaya. Je, umepima?"

Hatukuwa tumepima. Basi tulijaza tangi mpaka pampu ikajizima yenyewe, tukaandika kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, tukaliendesha gari wenyewe siku saba, ufunguo usitoke mfukoni mwetu. Kisha tulijaza tena katika kituo kile kile, na mama akazigawanya kilomita tulizokwenda kwa lita zilizoingia. Zilitoka kilomita 9 kwa lita moja, hali gari kama lile likiwa zima hufika 13 kwa safari zetu. Petroli ilikuwa ikipotea usukani umo mikononi mwetu.

Tulilipeleka gari kwa fundi mwengine, Changamwe. Alianza na yaliyo mepesi. Upepo wa magurudumu ulikuwa pungufu, na gurudumu lililolegea huwa zito kuvutwa. Filta ya hewa ilijaa vumbi. Alizikagua plagi, akasogeza mkono karibu na kila rimu, kwani iliyo moto kuliko wenzake huonyesha kwamba breki imeshika. Kisha aliuliza mbona mshale wa joto haupandi. Alipofungua, alikuta themostati haimo.

Alitufahamisha kwamba hicho ni kilango kidogo kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, takriban nyuzi 80 hadi 90. Kikiondolewa, maji huzunguka wakati wote, injini hukawia kupata moto, na kompyuta ya gari, ikidhani ni baridi ya asubuhi, huzidisha petroli.

"Nani aliyeitoa?" aliuliza.

Tulinyamaza, kwani tulikumbuka. Katika Shaabani ya mwaka ule ule gari lilichemka kwenye foleni ya feri ya Likoni. Fundi wa wakati ule alituambia kwamba huku pwani kwenye joto kifaa hicho hakina kazi, bora kitolewe. Sisi wenyewe tuliridhia, tukamlipa.

Themostati mpya ilitiwa, filta ikabadilishwa, magurudumu yakajazwa upepo. Tulipopima tena, lita moja ilitupa kilomita 13.

Kwa kuwa tulimtuhumu kijana mbele ya wadogo zake, tulimwomba radhi mbele yao. Alisema, "Yamekwisha, Baba," akaja kula nasi. Lakini ufunguo ulikaa mezani siku nyingi kabla hajaushika.

Wasomaji wetu, haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake. Sharti uiombe kwa mwenyewe. Mafuta yakiisha upesi, chukueni daftari na kalamu, mpime, mwende kwa fundi. Msianze na mtoto wa watu, wala na mtoto wenu.

Wabillahi tawfiq.