Maziwa Yapande Mara Tatu

Nimeishi Madison, jimbo la Wisconsin, miaka kumi na tisa sasa, na bado nachemsha maziwa. Nanunua galoni dukani, namimina kwenye sufuria, nasimama kando na mwiko mkononi. Yakipanda natoa motoni, yakishuka narudisha. Mara tatu. Ndivyo mama alivyotufundisha nyumbani mtaani Jericho, Nairobi, kwenye stovu ya mafuta ya taa iliyokaa sakafuni, na aliyeyaacha yakafurika ndiye aliyesugua stovu.

Jirani yangu Mmarekani aliniuliza mbona nachemsha maziwa ambayo kiwanda kimeshayapitisha motoni. Nilimjibu kwamba ni mazoea. Tangu siku hiyo jibu langu limekuwa likinisumbua, kwa sababu si kweli. Ile sufuria ya mama haikuwa mazoea tu, ilikuwa na kazi.

Huku, kazi hiyo huisha kabla sijayaona maziwa. Lori likifika kiwandani, hupimwa kwanza kama lina mabaki ya antibiotiki, na yakipatikana, shehena yote haiingii kwenye chakula cha watu. Kisha maziwa hupashwa moto nyuzi 72 kwa sekunde 15 na kupozwa. Na kabla ya yote hayo kuna historia ndefu ya utafiti, ambayo sehemu yake ilianzia hapa hapa mjini. Zamani mkulima wa Wisconsin alilipwa kwa uzito, kwa hiyo aliyetia maji au kuengua malai alipata sawa na mwaminifu. Mwaka 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akatangaza njia rahisi ya kupima mafuta ya maziwa kwa asidi na mashine ya kuzungusha. Hakuichukulia hataza, aliwaachia watu waitumie bure. Jengo lenye jina lake chuoni huuza aiskrimu, na wanangu wanalijua kwa hiyo tu.

Jericho hatukuwa na Babcock. Tulikuwa na maziwa ya Nyayo shuleni, ya bure kutoka serikalini, yaliyoanza kutolewa mwaka 1979, yale ya pakiti za pembe tatu ambazo tulizing'ata ncha tukanywa. Nyumbani tulikunywa maziwa ya kupimiwa, yaliyotoka upande wa Kiambu alfajiri kwenye mitungi. Mchuuzi alikuwa mtu wa wasiwasi. Alipima kikombe huku akitazama barabara, maana kuuza maziwa mabichi mjini kulimfanya awindwe, na akikamatwa mtungi uliishia mtaroni. Nakumbuka rangi ya mtaro siku moja alipokamatwa, na mama amesimama na chupa tupu.

Ndiyo maana nauheshimu sana Mradi wa Wafugaji Wadogo wa Maziwa, ulioanza mwaka 1997 ukaendelea hadi 2005. Waliouendesha ni wizara ya mifugo ya Kenya, KARI, taasisi ya nchi ya utafiti wa kilimo, na ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao yake Nairobi. Wangeweza kukaa maabarani wakahesabu bakteria kwenye mtungi, wakatoa hukumu. Lakini waliyafuata maziwa mpaka jikoni. Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa Kenya hupita kwa wachuuzi yakiwa mabichi, na kwamba karibu kila nyumba huyachemsha kabla ya kunywa. Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Bado ni moto mkali kupita ule wa kiwanda cha Wisconsin. Mama zetu walikuwa wakimalizia kazi ambayo sheria ilidai haifanywi na mtu.

Mwaka 2004 sera ikageuka. Bodi ya Maziwa ya Kenya ikaanza kuwatambua wachuuzi wadogo, wakafundishwa usafi na upimaji, wakapewa leseni. Wachumi walikadiria baadaye kwamba mabadiliko hayo yaliifaidi nchi dola milioni 33 kwa mwaka. Kwangu mimi hesabu kubwa zaidi ni kwamba mchuuzi aliacha kutazama barabara.

Desemba iliyopita nilisimama kwenye kibanda kimoja Umoja, mtaa mwingine wa Nairobi, karibu na soko la Mutindwa. Kijana mwenye koti jeupe alichota maziwa kwenye mtungi wa alumini, akajaza silinda, akatumbukiza laktomita. Ilicheza kidogo ikatulia. "Thelathini, anti," akaniambia, akaigeuza nione mwenyewe. "Ikishuka chini ya ishirini na nane, kuna maji, narudisha." Cheti chake kilikuwa ukutani, ndani ya nailoni.

Nikamuuliza kuhusu sumukuvu.

Hapa ndipo sufuria ya mama inapofika mwisho wake. Mahindi yaliyoota ukungu huweza kubeba sumukuvu hiyo, yaani aflatoksini. Mwaka 2004, mwaka ule ule wa sera mpya, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zaidi. Mahindi mabovu yakisagwa kuwa chakula cha ng'ombe, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi, hata yapande mara kumi. Laktomita haiioni. Ulaya huruhusu nanogramu 50 tu kwa kilo ya maziwa, Marekani 500. Watafiti wa ILRI wameikuta kwenye maziwa ya Nairobi, na watoto ni miongoni mwa wanaoyanywa. Naamini utafiti uliowafuata wachuuzi mpaka jikoni unapaswa sasa kurudi nyuma, mpaka ghala la mfugaji na kiwanda cha chakula cha mifugo, kwa bidii ile ile na kwa heshima ile ile. Kumwambia mama mwenye sufuria kwamba maziwa yana sumu, halafu ukamwacha hapo, ni kumtwika mzigo asioweza kuutua.

Kijana alikuwa ameshasikia habari hizo kwenye mafunzo. Alinionyesha simu. Kila Jumatatu humpigia mzee anayemletea maziwa kutoka Githunguri na kumuuliza magunia ya chakula cha ng'ombe yako wapi. Mwanzoni mzee alikasirika. Wiki ile alikuwa ametuma picha: magunia sita juu ya mbao, mbali na ukuta, na chini yake sakafu kavu.