Masurufu Yanapokuja Baada ya Safari

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii humkanya mtu anayejitakia makuu kwa mali ya wenziwe, akasahau kuwa siku ya kulipa haina ngoma wala vigelegele. Hata hivyo, wapo wakopaji ambao methali hii haikuwalenga: wale wanaokopa si kwa ajili ya sherehe yao wala shamba lao, bali ili waifanye kazi ya mwajiri. Harusi ni ya mwingine, matanga ni yao.

Achukuliwe, kwa mfano, kijana wa Ngoliba, wadi iliyo katika eneobunge la Thika Mjini, Kaunti ya Kiambu, kando ya barabara itokayo Thika kuelekea Garissa, si mbali na Kilimambogo na Mto Athi. Amehitimu chuo kikuu na kupata ajira ya mkataba wa miezi michache. Mara anaagizwa aende Mombasa kwa juma zima: ajilipie nauli, malazi na chakula, ahifadhi stakabadhi, kisha arejeshewe gharama zake "karibuni". Kwa afisa mkongwe mwenye akiba, agizo hilo ni usumbufu mdogo. Kwa kijana huyu ni mtihani, kwa kuwa mshahara wake umekwisha kugawanywa kati ya kodi ya chumba na karo ya mdogo wake. Hawezi kukataa safari, maana mkataba haujakomaa. Hawezi pia kutamka kuwa hana, maana aonavyo yeye, kutamka hivyo ni kujivua nguo mbele ya wakubwa. Basi hunyamaza, akakopa.

Akope wapi? Benki humtaka aonyeshe namna alivyolipa mikopo ya awali, ilhali yeye hajawahi kupewa mkopo wa kwanza. Hubakia simu ya mkononi. M-Shwari ilipozinduliwa mnamo Novemba 2012, ilimkadiria mteja mpya kwa kutazama jinsi alivyotumia simu yake, ikamtoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilikuja na riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka na mikopo ya kati ya shilingi 500 na 50,000, lakini kwa muda wa siku 14. Kipimo hicho humfaa muuza mboga ambaye hununua alfajiri na kupata fedha zake jioni. Hakimfai mtu ambaye stakabadhi zake zimelala juu ya meza ya mhasibu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Aliyekopa shilingi 10,000 kwa ada ya asilimia 7.5 hudaiwa 750 za ziada mwezi ukiisha. Mwajiri akichelewa hata mkopo ukaongezewa mwezi wa pili kwa ada iyo hiyo, ada hufika 1,500 au zaidi. Hiyo ndiyo nauli ya daraja la kawaida ya treni kutoka Nairobi hadi Mombasa ilivyokuwa baada ya kupandishwa kutoka shilingi 1,000 mnamo Januari 2024. Kwa maneno mengine, kijana amemnunulia mwajiri wake tiketi nzima kutoka mfukoni mwake, na tiketi hiyo haina stakabadhi ya kuombea marejesho.

Hasara ya fedha, hata hivyo, si kubwa kuliko hasara ya jina. Kanuni za mwaka wa 2008 ziliweka msingi wa mashirika ya taarifa za mikopo, ambayo Wakenya wengi huyaita CRB. Mwanzoni zilizolazimika kupelekwa huko zilikuwa habari za waliokosa kulipa. Kanuni za mwaka wa 2013 zilipanua mlango ili habari za walipaji wema nazo zifike. Doa likiingia huweza kusalia kwa miaka mitano baada ya deni kulipwa. Isitoshe, wapo waajiri ambao humtaka mwombaji kazi awasilishe hati ya CRB kama kithibitisho cha uadilifu. Hapa ndipo penye uchungu: kijana aliyechelewesha mkopo kwa sababu mwajiri alimchelewesha, huweza kuonekana mbele ya mwajiri mwingine kama mtu asiyeaminika.

Wanafunzi wa fasihi wataitambua hali hii upesi. Palikuwa na wakati ambapo fasihi simulizi ilidharauliwa kwa hoja kuwa haikuandikwa. Mkopaji asiye na historia naye yumo katika hali hiyo. Mwenye duka la kijijini anamjua. Aila yake imechukua unga na sukari kwa deni na kulipa kila mwisho wa mwezi. Chama cha akina mama kinamjua mamaye. Historia ipo, tena ndefu, ila imo katika vinywa na katika daftari la duka, mahali ambapo macho ya benki hayafiki.

Yamkini atatokea wa kusema kuwa safari za mkopo si jambo geni kwa Waswahili. Ni kweli. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani hadi bara iliendeshwa kwa mali ya mkopo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alipata bidhaa kwa wakopeshaji wa Unguja, akiwemo tajiri Taria Topan. Lakini Tippu Tip alikopa kwa biashara yake mwenyewe. Pembe za ndovu zilipouzwa, faida ilikuwa yake. Nao wapagazi waliobeba mizigo hawakukopa ili wambebee; walipewa posho. Kijana wa Ngoliba ametwikwa deni la tajiri na mzigo wa mpagazi kwa pamoja, bila faida ya yule wala posho ya huyu.

Kiswahili chenyewe kilikwisha kutoa hukumu. Neno masurufu, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya fedha au vyakula vya kutumia safarini. Mtu hupewa masurufu aondokapo, hapewi arudipo. Serikali ya Kenya inaufahamu utaratibu huo: Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma za mwaka wa 2015 humtaka afisa aliyepokea masurufu ya muda atoe hesabu katika siku 7 za kazi baada ya kurejea kituoni. Ikiwa mtumishi huwekewa siku za kutoa hesabu, haki yadai kwamba mwajiri naye ajiwekee siku za kulipa.

Kwa hivyo, mwajiri asiyeweza kutanguliza masurufu na alipie tiketi na malazi moja kwa moja. Akishindwa na hilo, ada ya mkopo ihesabiwe miongoni mwa gharama za safari. Mintarafu ya wasomi, wapo wahadhiri wanaowatuma wasaidizi nyanjani kukusanya data, na vyama vinavyowapeleka wanafunzi makongamanoni. Kabla ya kumwambia mwanafunzi atangulie, atarejeshewa, ni vyema kwanza aulizwe faraghani, kwa upole, iwapo anayo nauli.