Safari ya Nyegina: Kinanda Kinahitaji Mtunzaji

Ukitoka mjini Musoma ukashika barabara ya kwenda Majita, huchukui muda mrefu kufika Nyegina. Njiani utaona mawe. Mengine ni makubwa kama nyumba. Mengine yamepandana, utadhani mtu aliyapanga. Kati ya mawe hayo watu wamelima mihogo, mtama na viazi vitamu. Hapa ni nchi ya Wakwaya.

Nyegina ni parokia ya zamani. Mapadre wa White Fathers walianzisha misheni hapa mwaka 1911. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1946 mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walikuja kufanya kazi Musoma. Mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo.

Watu wengi wanaifahamu Nyegina kwa sababu ya kijana mmoja. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito wa Butiama alianza shule Mwisenge, Musoma. Alikuwa na umri wa miaka 12. Yeye na rafiki yake walikuwa wakienda Nyegina kwa miguu kujifunza dini. Tarehe 23 Desemba 1943 alibatizwa hapo Nyegina, akaitwa Julius. Huyo ndiye Mwalimu Nyerere.

Siku hizo misa ilisomwa kwa Kilatini. Watu wengi hawakuelewa maneno yake. Lakini wimbo uliwaingia moyoni. Leo napenda kusema habari za chombo kilichosaidia nyimbo za kanisa, yaani kinanda.

KINANDA CHA MABOMBA NI NINI?

Chukua chupa tupu. Puliza juu ya mdomo wake. Utasikia sauti. Tia maji kidogo, kisha puliza tena. Sauti itakuwa nyembamba zaidi, kwa sababu nafasi ya hewa imepungua. Hiyo ndiyo siri ya kinanda cha mabomba.

Kinanda hicho kina mabomba mengi yaliyosimama wima. Mengine ni ya mbao. Mengine ni ya bati na risasi zilizoyeyushwa pamoja. Bomba refu hutoa sauti nene. Bomba fupi hutoa sauti nyembamba. Chini yake kuna mivukuto kama ile ya mhunzi. Mivukuto hutia upepo ndani ya sanduku. Mpigaji akibonyeza kibao, mlango mdogo hufunguka, na upepo huingia katika bomba lake. Bomba linaimba.

Wengine hudhani chombo hiki kilizaliwa Ulaya. Sivyo. Fundi wa kwanza anayejulikana kukitengeneza aliitwa Ctesibius. Aliishi katika mji wa Alexandria, nchini Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kwa hiyo kinanda cha mabomba kilizaliwa Afrika.

Kinanda cha namna hii kimo katika kanisa kuu la Waanglikana, Mkunazini, Unguja. Kanisa hilo lilijengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Kinanda chake kilitengenezwa na kampuni ya Henry Willis. Fundi huyo ndiye aliyetengeneza kinanda kikubwa cha ukumbi wa Royal Albert Hall mwaka 1871. Mahali palipolia watu waliofungwa minyororo, pakawekwa chombo cha kuimbia.

Vijijini, kinanda cha mabomba ni shida kukiweka. Ni kikubwa, ni ghali, na kinahitaji fundi. Kwa hiyo misheni nyingi zilitumia kinanda kidogo cha kukanyaga. Hicho hakina mabomba. Kina vindimi vyembamba vya shaba. Mpigaji hukanyaga kwa miguu, mifuko ya ndani huvuta hewa, na vindimi hutetemeka na kutoa sauti.

NGOMA NAYO IKAINGIA

Zamani wamisionari wengi walikataza ngoma kanisani. Waliona ni mambo ya kipagani. Lakini Waafrika walianza kutunga nyimbo zao. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959. Kisha, mwezi Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa uamuzi juu ya ibada. Ulikisifu kinanda cha mabomba, lakini ukaruhusu pia vyombo vingine vinavyofaa. Lugha za wenyeji nazo zikaruhusiwa. Hivyo ngoma, kayamba na manyanga vikaingia kanisani. Hapa Mara tuna pia litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane.

Je, kinanda kitupwe basi? Nitajibu kwa kisa kilichonipata mwenyewe.

KOSA LANGU

Zamani nilikuwa mtunza kinanda katika kigango kimoja cha mkoa huu. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga. Waumini walikinunua kwa michango yao. Mama mmoja mjane alitoa kuku wake watatu. Mimi nilipewa ufunguo.

Masika moja nilikwenda kulima mbali. Nilikiacha kinanda sakafuni, kimeegemea ukuta. Nilifunga mlango, nikaona kazi imekwisha. Nilikaa miezi miwili bila kurudi.

Siku moja nikaletewa habari kwamba yule mama mjane amefariki. Nikarudi kwa mazishi. Mwalimu wetu wa kwaya alikaa kwenye kinanda, akakanyaga. Hakikutoa wimbo. Kilitoa pumzi tu, kama mtu mwenye pumu. Watu walinitazama. Tukamzika mama yule kwa sauti zetu tupu. Sitasahau siku hiyo.

Tulipokifungua tulikuta mchwa wamekula miguu ya mbao. Panya walikuwa wametoboa mifuko ya ngozi na kuzaa humo.

Mzee mmoja akasema, “Aliyekitengeneza alikuwa mtu kama sisi. Tukifungue polepole, tutaona njia.” Tukatandika mkeka chini ya mwembe. Kila skrubu tuliyoitoa tuliiandikia namba kwa chaki, na namba hiyohiyo mahali pake. Fundi viatu alikata ngozi laini ya mbuzi, akaibandika kwenye mifuko kwa gundi. Seremala alichonga miguu mipya. Mimi nilipewa vindimi vya shaba nivisafishe kwa brashi laini, kimoja kimoja. Kazi hiyo ilichukua majuma matatu.

Jumapili ya nne kinanda kikaimba. Vindimi viwili vilikuwa vimevunjika, havikupona. Kila wimbo ulipofika hapo, kinanda kilinyamaza kidogo. Kwaya ikajifunza kuimba kwa nguvu zaidi mahali hapo, na ngoma ikajaza pengo. Ndipo nikaelewa kwamba vyombo hivi havigombani. Sisi ndio hugombana.

JINSI YA KUTUNZA KINANDA

Kama kigango, shule au kwaya yenu ina kinanda, fanyeni hivi:

1. Kiwekeni juu ya mawe au matofali, mbali na ukuta. Mchwa hupita ukutani na sakafuni.

2. Kifunikeni kwa kitambaa safi. Msitumie nailoni, kwa sababu hushika unyevu.

3. Kichezeni kila juma. Panya hupenda chombo kilichonyamaza.

4. Msile chakula karibu nacho. Makombo huita panya.

5. Ufunguo wawe nao watu wawili. Mmoja akisafiri, mwingine anabaki.

6. Wafundisheni vijana wawili au watatu kukipiga na kukifungua. Fundi mmoja akifa, ujuzi usizikwe naye.

Hata kinanda cha umeme kinataka kutunzwa. Vumbi na sisimizi hukiharibu. Betri ikiachwa ndani muda mrefu huvuja.

Ndugu msomaji, siku ukipita Nyegina, simama kidogo. Fikiri juu ya watoto wawili waliokuja hapa kwa miguu kutoka Mwisenge. Njia yao ilikuwa ndefu, lakini walikuta watu wanaowasubiri kuwafundisha. Chombo nacho ni hivyohivyo. Kinahitaji mtu wa kukisubiri, kukifungua na kukifunga. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta. Wewe ziba ufa leo.