Maalim Ajifunza Kuvaa Buti



Mwezi ujao, inshaAllah, tutamkabidhi naibu wetu daftari la kumbukumbu za kamati ya msikiti na kushika njia ya Nakuru, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi kilichoko Lanet, kuanza mafunzo ya kuwa imamu wa kijeshi. Tuna umri wa miaka 37, mke, watoto watatu, na goti la kushoto ambalo hunung'unika kila tupandapo ngazi. Msomaji atuwie radhi kwa hii “sisi” yetu. Miaka mingi ya kuandika kumbukumbu za vikao imeifanya kalamu isahau kusema “mimi”. Tangazo lilitaja kikomo cha umri kwa maimamu nasi tulikuwa bado ndani yake, ila si kwa mbali. Wengi tutakaoruka nao mitaro ni vijana ambao tungeweza kuwa tuliwasomesha Juzuu Amma.

Jambo hili lilianza kwa maziko. Mwaka juzi kijana mmoja wa mtaa wetu, askari, alifariki kwa ajali ya gari akiwa kazini mbali na nyumbani. Jeneza lililetwa na wenzake usiku, na pamoja nao alikuja mzee mwenye ndevu nyeupe aliyevaa sare. Tulidhani ni dereva. Kumbe ndiye imamu wao, na maiti alikuwa amekwisha kumwosha na kumkafini kwa mikono yake, kwa adabu ambayo sisi tuliosoma chuoni hatukupata la kuongeza. Baada ya maziko aliketi nasi barazani, akanywa kahawa vikombe vitatu, akasema maimamu katika jeshi ni wachache na yeye mwenyewe anakaribia kustaafu. “Vijana wenu wako huku, sheikh,” alisema. “Je, nyinyi mko wapi?” Hatukuwa na jibu, na usiku ule usingizi haukuja.

Tusifiche kwamba habari ilipoenea, si wote waliotupongeza. Huku pwani sare ina historia yake, na wako wazazi ambao wakiiona huingiza watoto ndani. Tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, suali limekuwa zito zaidi. Mzee mmoja tunayemheshimu mno alitusimamisha baada ya sala ya Alasiri akauliza mbele za watu, “Maalim, hiyo bunduki utamwelekezea nani?” Tulimjibu kwamba kazi ya imamu ni kusalisha, kunasihi na kuzika. Alitutazama kwa muda, akasema, “Na wao wakikuomba dua kabla ya kwenda, utaomba nini?” Suali hilo tunalo mpaka leo. Twajua tu kwamba katika kambi ya El Adde, iliyoshambuliwa tarehe 15 Januari 2016, waliouawa walikuwa wana wa watu. Mtu anayekwenda mahali kama pale ana haki ya kumpata wa kumkumbusha Mola wake, na wa kumkataza dhulma pia. Kama hilo la pili litawezekana kwa aliyevaa sare kama wao, tutaliona huko huko.

Kizito kuliko hayo kilikuwa ni ridhaa ya mama. Kila mwanafunzi wa chuo cha dini anaijua hadithi ya mtu aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akiomba ruhusa ya kwenda vitani, naye akaulizwa kama wazazi wake wako hai, kisha akaelekezwa kwamba jihadi yake iko kwao. Hadithi hiyo tumeisomesha kwa sauti kubwa. Safari hii ilitusomesha sisi. Baba ametangulia mbele ya haki. Mama ana kisukari na macho yake yamepungua nuru. Alituruhusu kujaza fomu kwa kuwa, tunadhani, aliamini hatutachaguliwa. Barua ilipofika alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alisema, “Babako mkubwa, yule mzaa baba yako, alikwenda Burma na King's African Rifles akarudi, lakini hakuwahi kusimulia. Wewe ukirudi, usimulie.” Hiyo ndiyo ruhusa tuliyopewa. Dada yetu amekubali kuhamia nyumbani, na mke wetu, ambaye mzigo halisi utamlemea yeye, ameweka sharti moja: mshahara wa kwanza usiguswe kabla ya ada ya madrasa na dawa za mama.

Basi tukaanza mazoezi. Baada ya Alfajiri, kabla jua halijachomoza, tulikwenda ufukweni kukimbia. Asubuhi ya kwanza tulifika kwenye mashua ya tatu tukaketi mchangani tukihema, na wavuvi wakatupa pole kana kwamba tumefiwa. Sasa tunakimbia hadi mkondoni na kurudi bila kusimama, ingawa Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari na pumzi ya mtu wa pwani, tunaambiwa, husalimu amri kule. Pushapu tulianza na 6. Mwanetu wa mwisho hukaa mgongoni akihesabu, na huruka namba kwa huruma.

Buti ndizo zilizotutia adabu. Sisi ni watu wa makubadhi. Mlango wa kupangusa khofu tumeusomesha kila mwaka: zivaliwe juu ya tohara kamili, zifunike vifundo, mkaazi apanguse kwa mchana na usiku mmoja na msafiri kwa siku tatu na masiku yake, na ukizivua katikati, upangusaji umekwisha. Tulivisema vyote hivyo bila ya kupata kuvaa kiatu kirefu hata siku moja. Tulinunua buti za mtumba, tukashinda nazo tangu Adhuhuri hadi Isha, na ndipo tulipofahamu uzito wa ile rukhsa. Miguu ilitoka malengelenge makubwa kama kunazi. Wanafunzi wa madrasa walikuja kutazama maalim akipangusa juu ya buti kwa vidole vilivyolowa, na mmoja akauliza mbona hapangusi chini penye uchafu. Kwa mara ya kwanza tulilijibu suali hilo tukiwa na matope kweli.

Malengelenge yamekauka. Barua yatutaka tufike asubuhi, na begi limekwisha fungwa na kufunguliwa mara nne, kwani kila anayepita huongeza kitu. Mama ameongeza halwa na kopo la mafuta ya nazi ya kupaka miguu. Amesema atatusindikiza hadi kituo cha basi, aongozwe na mjukuu wake, na kwamba tusimkataze.